Kibofu Kisichosikia: Je, Tiba ya Moto ya Kichina Yafaa?

Yako maradhi ambayo mtu huyataja mbele za watu bila ya haya. Huyu atasema ana homa, yule atasema jino lamuuma, na wasikilizaji watampa pole na kumwombea shifaa. Na yako maradhi mengine ambayo mwenyewe huyaficha hata kwa ndugu yake wa tumbo moja. Miongoni mwa hayo ni maradhi ya kibofu yatokanayo na kuharibika kwa mishipa ya fahamu: mkojo ukazuilika usitoke, au ukatoka bila ya idhini ya mwenyewe. Kwa kuwa ugonjwa huu hufichwa, dawa zake nazo hunong'onwa. Na dawa ya kunong'onwa haipimwi na mtu. Tumeona yatupasa kuuzungumza waziwazi, kwa adabu, kwani tumeyaona kwa macho yetu madhara ya kunyamaza.

Bugomora ni kata ya wilaya ya Kyerwa katika mkoa wa Kagera, wilaya iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012. Ni nchi ya vilima, migomba na kahawa, na Uganda haiko mbali. Nilikwenda huko kumzuru mtoto wa mjomba wangu, kijana mwenye mke na watoto wawili, ambaye alianguka na pikipiki mteremkoni akaumia uti wa mgongo. Tangu siku hiyo miguu yake haina nguvu, na kuanzia kitovuni kwenda chini hasikii baridi wala moto.

Mkaza mjomba alinipokea barazani kwa maamkizi yote ya heshima, lakini kijana mwenyewe hakutoka. Nikamwulizia.

"Mwanangu," akaniambia kwa sauti ya chini, "mwenzio hataki kuonana na watu. Asema ananuka. Ijumaa nne sasa haendi msikitini, na maji hanywi ila akizidiwa na kiu."

Niliporuhusiwa kuingia, nilimkuta nyuma ya pazia, amelala juu ya mpira uliotandikwa kitandani. Tukazungumza. Katika mazungumzo alinionyesha kovu chini ya kitovu, upana wake kama kiganja cha mkono. Mama yake akainamisha kichwa.

"Hilo ni kosa langu," akasema. "Nilimwekea chupa ya maji ya moto, nikidhani mkojo utafunguka. Hakulia wala hakusema neno. Asubuhi tukaona ngozi imejaa malengelenge, na kidonda kikachukua miezi kupona."

Nikaambiwa kwamba mzee mmoja wa jamaa ashauri kijana apigwe pisho, yaani achomwe kwa chuma cha moto kiunoni. Na msafiri mmoja aliyetoka Kampala aliwaletea habari ya dawa ya moto ya Kichina, isiyo chuma, bali majani yaliyosokotwa yakawashwa, ambayo, alisema, hurudisha fahamu za kibofu. Ili kupata nauli na gharama, watu wa nyumba ile walikuwa tayari kuuza kahawa yao ikingali mtini, biashara ambayo huku Kagera huitwa butura, na ambayo kila mkulima ajua hasara yake. Nikawaomba wasiuze kwanza, wanipe muda wa kuuliza kwa wenye ujuzi na kusoma yaliyoandikwa. Haya ndiyo niliyoyapata, na nayaandika kwa ajili ya kila nyumba yenye mgonjwa wa namna hii.

KIBOFU NA MISHIPA YAKE

Kibofu ni mfuko wa misuli. Figo mbili husafisha damu mchana na usiku, na maji machafu huteremka kidogo kidogo mpaka katika mfuko huo. Kwa mtu mzima hujaa kwa kiasi cha nusu lita hivi. Unapoanza kujaa, habari hupita katika mishipa ya fahamu iliyo sehemu ya chini ya uti wa mgongo, ikapanda mpaka kwenye ubongo. Na ubongo hurudisha amri: ngoja, au toa. Amri ya kutoa hufanya mambo mawili kwa pamoja, misuli ya kibofu hukaza na mlango wake hulegea.

Njia hiyo ya habari ikiharibika, mambo huenda kombo kwa namna mbili. Namna ya kwanza, kibofu hulegea, kikajaa pomoni mpaka mkojo ukamwagika wenyewe kama mtungi uliofurika. Watu wa nyumbani huona nguo zimelowa wakasema, kibofu hakizuii. Kumbe ukweli ni kinyume chake, kibofu hakitoi. Namna ya pili, kibofu hukaza ovyo hali mlango umefungwa, na nguvu ile ikausukuma mkojo kurudi juu kwenye figo. Katika hali zote mbili mkojo hulala ndani, na mkojo uliolala huzaa vijidudu, vijidudu huleta homa, na mwisho wa mambo hayo figo huharibika. Kwa hiyo aibu ya nguo kulowa, nzito kama ilivyo, si adui mkubwa. Adui mkubwa hana harufu wala haonekani, naye ni kuharibika kwa figo.

Ajali ya mgongo ni sababu moja tu. Ziko na nyingine: kisukari kilichokaa miaka mingi bila ya kutunzwa, kifua kikuu kinapoingia katika pingili za mgongo, kiharusi, watoto wazaliwao na mgongo wazi, na mara chache hata kichocho, mayai yake yakifika kwenye uti wa mgongo.

Hapa yafaa tutenganishe jambo moja, kwa sababu wanawake wengi wameonewa kwa kutotenganishwa. Mwanamke aliyepata fistula baada ya uchungu wa uzazi uliochukua muda mrefu naye huvuja mkojo, lakini maradhi yake si ya mishipa ya fahamu. Yeye ana tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Tundu hilo haliponi kwa moto wala kwa majani. Tiba yake ni operesheni, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ni miongoni mwa zinazojulikana kwa kazi hiyo.

MOTO WA WACHINA NI NINI?

Tiba hii Wachina huiita zhenjiu, neno la sehemu mbili: zhen ni sindano, na jiu ni moto. Habari za sindano wengi wetu tumezisikia. Za moto ni wachache wazijuao. Mmea utumiwao ni wa jamaa ya pakanga, na Wachina huuita ai. Majani yake hukaushwa, huwekwa akiba, kisha hupondwa mpaka yakawa laini kama pamba. Pamba hiyo husokotwa ikawa kama sigara nene, au hufinyangwa vijichungu vidogo. Watu wa Ulaya waliipa jina la moksa kutokana na neno la Kijapani. Tusisahau kwamba ndugu wa mmea huu, pakanga nyingine ya China, ndiyo iliyotoa dawa ya malaria iliyomo katika dawa mseto tunazopewa hospitali, na bibi Tu Youyou aliyeigundua dawa hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Basi mwenye kusema kwamba majani ya Wachina ni upuuzi mtupu, hakusema kweli.

Tiba yenyewe ni kongwe. Mwaka 1973, mahali paitwapo Mawangdui, lilifukuliwa kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), na ndani yake zikapatikana maandiko ya kitabibu yaelezayo tiba ya moto. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliitia tiba ya sindano na moto ya China katika orodha ya turathi za wanadamu.

Namna za kuitumia ni nyingi, lakini tuzitaje tatu. Kwanza, fundi huwasha msokoto akaushika mbali kidogo na ngozi, kiasi cha vidole viwili hivi, kwa muda wa dakika kumi hadi robo saa, mpaka ngozi ikawa nyekundu bila ya kuungua. Pili, huweka kipande cha tangawizi au chumvi juu ya ngozi, kisha kijichungu chenye kuwaka kikawekwa juu yake. Tatu, kijichungu huwekwa juu ya ngozi yenyewe, na namna hii yaweza kuacha alama. Kwa maradhi ya kibofu, mahali pachaguliwapo zaidi ni kitovuni, chini ya kitovu, chini ya kiuno kwa nyuma, na upande wa ndani wa mguu juu ya kifundo.

Katika nchi zetu matabibu wa Kichina si wageni. Walianza kuja Zanzibar mwaka 1964 na Tanganyika ya zamani, yaani Tanzania Bara, mwaka 1968, na hata leo wako katika baadhi ya hospitali zetu. Ama moto wenyewe, mfano wa karibu nasi uko Uganda. Hapo jumuiya ya Kiingereza iitwayo Moxafrica, iliyoanzishwa mwaka 2008, ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Makerere kuijaribu tiba hii kwa wagonjwa 180 wa kifua kikuu. Vijichungu vidogo sana, nusu ya punje ya mchele, viliwashwa chini ya goti. Lakini zingatia, ndugu msomaji: wagonjwa wote walipewa dawa za kawaida za kifua kikuu. Moto uliongezwa juu ya dawa kwa baadhi yao. Haukuwekwa mahali pa dawa. Wenyewe walioipenda tiba hii hawakuthubutu kumnyima mtu vidonge vyake. Funzo hilo ndilo twataka kulichukua mpaka Bugomora.

JE, HUPONYA KIBOFU?

Waganga wa China wameandika majaribio mengi ya moto kwa watu walioumia uti wa mgongo. Katika mengi ya majaribio hayo imesemwa kwamba waliotiwa moto walibakiwa na mkojo mchache zaidi kibofuni kuliko wenzao. Hiyo ni habari njema, nasi hatuikanushi. Lakini wenye kuyapima majaribio ya dawa wayaona haya kuwa na upungufu. Mengi ni madogo. Tena mgonjwa ajua kama ametiwa moto au hakutiwa, na mganga naye ajua, na matumaini ya wawili hao huweza kuipinda hesabu. Na lililo kubwa ni kwamba, kwa kawaida, wagonjwa wale waliendelea kutolewa mkojo kwa mpira kwa saa maalumu, kama hospitali zote zifanyavyo. Kwa hiyo ushahidi uliopo, hata tukiukubali wote, wasema hivi: moto pamoja na mpira. Hausemi: moto bila ya mpira.

Akili nayo yakubaliana na hayo. Joto huweza kulegeza misuli na kuzidisha mwendo wa damu, na pale mishipa iliposalia kidogo yawezekana ikachochewa. Lakini mshipa uliokatika hauunganishwi na joto. Yeyote aahidiye kwamba atarudisha fahamu za kibofu kwa moto, tena kwa malipo ya kwanza, huyo auza ahadi isiyokuwa mkononi mwake.

MOTO JUU YA NGOZI ISIYOSIKIA

Yako tena jambo ambalo msafiri wa Kampala hakulitaja, na mkaza mjomba alijifunza kwa uchungu. Tiba hii yote imejengwa juu ya kauli ya mgonjwa. Fundi husogeza moto, mgonjwa akasema umezidi, fundi akauondoa. Mgonjwa asiyesikia hana kauli hiyo. Ngozi yake yaweza kuungua mpaka nyama hali yeye atabasamu. Na ngozi iliyokufa ganzi hupona polepole, vidonda vyake huoza upesi, na mwenye kisukari hatari yake ni zaidi. Chupa ya maji ya moto, mkaa, tofali la moto, chuma na moksa, vyote kwa mgonjwa huyu vina hukumu moja: visimguse mahali asiposikia, ila kwa mkono wa fundi aliyefundishwa, ajuaye kwamba mgonjwa hasikii, na awekaye kidole chake mwenyewe kando ya moto kupima joto.

Kuhusu pisho, sisi Waislamu tuna mwongozo wa kale. Imepokewa katika Sahihi ya Imamu Bukhari kwamba Mtume wetu (s.a.w.) aliutaja moto miongoni mwa tiba tatu, pamoja na asali na kuumika, kisha papo hapo akaukataza umma wake kuchoma kwa moto. Na imepokewa vilevile kwamba yeye mwenyewe alimtibu Saad bin Muadh kwa moto alipojeruhiwa. Wanavyuoni wakayaunganisha hayo wakasema kwamba kuchoma hakukatazwi moja kwa moja, bali hakupendezi, na hakufanywi ila kwa haja ya kweli. Basi haja iko wapi katika kumchoma kiuno kijana ambaye kibofu chake hakitafunguka kwa chuma?

LILILO LA LAZIMA

Kabla ya mwaka 1944, wengi wa watu walioumia uti wa mgongo walikufa kwa maradhi ya figo na vidonda vya kulala. Mwaka huo, katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, Dokta Ludwig Guttmann alifungua chumba cha wagonjwa hao, akaonyesha kwamba kwa uangalizi wa kibofu na ngozi waweza kuishi miaka mingi. Kisha mnamo mwaka 1972, Dokta Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alieleza njia nyepesi: mgonjwa ajitolee mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba, kila baada ya saa chache, kwa mikono iliyooshwa vizuri. Alionyesha kwamba usafi wa kawaida watosha, kwa sababu madhara makubwa hutokana na mkojo kulala ndani.

Njia hii ndiyo iliyo msingi wa tiba mpaka leo, na mpangilio wake ni huu:

Kwanza, mgonjwa apelekwe hospitali apimwe mkojo unaobaki kibofuni, na figo zake zitazamwe.

Pili, afundishwe yeye, au mke wake, au mama yake, kuingiza mpira. Desturi ni mara nne mpaka sita kwa siku, ili kibofu kisipite nusu lita.

Tatu, mikono ioshwe kwa sabuni kila mara, na mpira utunzwe kama mwuguzi alivyoelekeza.

Nne, asijinyime maji. Anywe kwa vipimo mchana kutwa, apunguze usiku. Mkojo mzito ndio mtamu kwa vijidudu.

Tano, akipata homa na kutetemeka, au maumivu ya ubavu, au damu katika mkojo, asingoje. Na aliyeumia sehemu ya juu ya mgongo, akishikwa ghafula na kichwa kuuma sana pamoja na jasho, mara nyingi ni kibofu kilichojaa. Akalishwe, atolewe mkojo upesi na apelekwe kwa mganga, kwani hiyo ni hatari ya roho.

Baada ya hayo kuthibiti, mtu akitaka kuijaribu tiba ya Kichina, hatumzuii. Amwambie mganga wake. Na amwulize fundi cheti chake, kwa kuwa sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002 imeweka Baraza la kuwaandikisha watu wa kazi hiyo. Lakini fedha ya kwanza ya nyumba iende kwenye mpira, sabuni na nauli ya hospitali.

TWAHARA NA SALA

Limebaki lile lililomtoa kijana wetu msikitini. Alidhani kwamba mtu avujaye mkojo hana udhu, na asiye na udhu hana sala. Kwa hiyo akaiacha. Hili si kweli. Bibi Fatima binti Abi Hubaish alimlalamikia Mtume (s.a.w.) damu isiyokatika, na hakuambiwa aache sala, aliamrishwa atawadhe kwa kila sala. Juu ya msingi huo wanavyuoni wakajenga hukumu ya mwenye udhuru wa kudumu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, wakati wa sala ukiingia, hujisafisha, hujifunga kitambaa safi, hutawadha, kisha husali bila ya kuchelewa. Na kitokacho baada ya hapo hakimbatilishii sala yake. Kila faridha huwa na udhu wake. Mambo madogo madogo amwulize sheikh wa mahali pake. Lakini mlango haukufungwa. Ni sisi tulioufunga kwa kutokuuliza na kwa kukunja pua.

Nilirudi Bugomora na habari hizi. Kahawa haikuuzwa mtini. Ilipovunwa, sehemu ya fedha ilimpeleka kijana hospitali, akakaa siku kadhaa, yeye na mkewe wakafundishwa mpira. Sisemi kwamba amepona. Miguu haijarudi, na mara moja amepata homa ya mkojo akatibiwa. Lakini nguo zake hukaa kavu kwa saa nyingi, maji anakunywa, na mpira wa kitandani umeondolewa. Lile la moto wa Wachina tumeliweka. Huenda siku moja akampata fundi wa kweli, huenda asimpate, na maisha yake hayakusimama juu ya jambo hilo.

Ijumaa niliyokuwapo, alitawadha baada ya adhana akapakiwa kwenye kiti chake. Mkaza mjomba alisimama mlangoni akitutazama tukiteremka kilima. "Msimwache nyuma," akasema. Hakuwa na haja ya kusema zaidi.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, wanaojulikana na wanaojificha, na atujaalie sisi tulio wazima tuwe watu wa kuuliza kabla ya kutibu. Amin.